Huyu Mbwa ni wa Nani?

Hotuba ya msimamizi wa kituo cha kuokoa mbwa na paka kwa wakazi wa Moshono, Arusha. Imeandikwa kutokana na mazungumzo ya ukumbini na kufupishwa kidogo.

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Asalaam aleikum. Wazee wangu, shikamooni.

Mheshimiwa mwenyekiti, mabalozi wetu, mama zangu, na nyie vijana wa kijiwe cha boda mliosimama mlangoni mkisubiri simu ilie mkimbie: nashukuru kwa nafasi. Nimeambiwa ajenda ya leo ni maji, ulinzi shirikishi, taka, halafu mbwa. Yaani nimewekwa nyuma ya taka. Sijachukia. Mbwa na taka ni majirani, na tutafika huko.

Kila wiki simu ya kituo inaita, mtu anasema, "Kuna mbwa hapa kwetu anasumbua, njooni mumchukue." Nauliza: ni wa nani? Najibiwa, "Hana mwenyewe, ni mbwa koko tu." Tunakwenda. Nyumba ya kwanza hawamjui, ya pili hawamjui, ya tatu anatoka mtoto mdogo mbio anaita "Simba! Simba!" na yule mbwa mkia hautulii. (Kicheko.) Mama wa mtoto anaingia ndani taratibu.

Cheka, lakini ndiyo hali halisi. Watafiti waliohesabu mbwa katika wilaya mbalimbali za nchi hii wamerudi na jibu linalofanana: wengi mno kati ya hao tunaowaona wakizurura wana kaya wanakolala na mtu anayewatupia chakula. Asiye na mwenyewe kabisa yupo, ila ni wachache kuliko tunavyodhani. Wanazurura kwa sababu geti halifungwi, au michongoma ina matobo, au chakula cha nyumbani hakitoshi na jalala linatosha. Kwa hiyo mbwa wa Moshono ni wa Moshono, na kuokoa mbwa, kwa sehemu kubwa, ni kumtafuta mwenyewe na kukaa naye chini.

Sasa kituo. Wengi wenu mnapita nje mnasikia kelele tu, hamjui ndani kunafanyika nini. Kituo ni kama stendi. Abiria anashuka, anasubiri gari, anaondoka. Abiria wakianza kuhamia stendi na magodoro, hakuna basi litakaloingia tena. Kwa hiyo mtu akinisifu kwamba tuna mbwa wengi, mimi hainifurahishi. Nikitaka kujua kama mwezi ulikuwa mzuri, naangalia wangapi wametoka kwenda kwa watu.

Mbwa anayeletwa hachanganywi na wenzake siku hiyo. Anakaa peke yake kwenye banda la pembeni kama wiki mbili, na anayemhudumia anabadilisha mabuti na kunawa kabla ya kwenda kwa wengine. Tunaogopa magonjwa mawili hasa. La kwanza ni parvo. Mmeiona, hata kama jina hamlijui: watoto wa mbwa wanatapika, wanaharisha damu yenye harufu kali, na ndani ya siku chache wamekwisha. Kirusi chake kinakaa ardhini miezi mingi na sabuni ya kufulia haikiui. Sisi tunadeki kwa jiki. Ndiyo maana mtu akija kuomba kitoto cha mbwa, tunamuuliza: mwaka jana hapo kwako kuna mbwa waliokufa wakiharisha damu? Akisema ndiyo, hatumpi kitoto. Tunampa mbwa mkubwa aliyekwisha chanjwa. Wengine wananuna, wanasema wanataka wamlee tangu mdogo amzoee. Mbwa mkubwa anazoea. Mpe wiki tatu na sahani ya ugali kwa wakati, utaona.

La pili ni distempa. Mbwa anatokwa na makamasi, macho yanajaa tongotongo, baadaye anaanza kutetemeka na kupata degedege. Huu ugonjwa una historia na mkoa huu na majirani zetu. Mwaka 1994 uliingia Serengeti, ukaua takriban theluthi moja ya simba wa pale, yaani waliokufa wapatao 1,000. Wanasayansi walipofuatilia wakafika kwa mbwa wa kufugwa, wa vijiji vinavyozunguka hifadhi. Mbwa kama wako na wangu. Wangapi humu mna kijana anayeendesha gari la watalii, au anapika kambini? (Mikono mingi.) Basi sindano ya mbwa inalinda na mshahara wake.

Halafu kuna mambo ambayo yakitazamwa yanatisha kuliko yalivyo. Upele unaomwacha mbwa bila nywele, ngozi nene, ananuka: watu wanamfukuza kwa mawe wakidhani ana kichaa. Unatibika. Kupe na homa zake zinatibika zikiwahiwa. Kuna ule uvimbe unaochuruzika damu sehemu za siri, mbwa wanauambukizana wakipandana. Ukiuona utasema huyu ni wa kuuliwa tu. Mara nyingi unaisha kwa sindano za dawa iitwayo vinkristini, moja kwa wiki, wiki kadhaa. Dawa hiyohiyo inatibu watoto wenye saratani ya damu, na asili yake ni ule mmea wa maua madogo ya pinki mnaoupanda mbele ya nyumba kwa ajili ya urembo. Tafadhali msiende kuuchemsha. Dozi ikizidi kidogo ni sumu.

Vijana wa boda, hapa ni pa kwenu. Tangu baipasi ipite, mbwa wanagongwa sana, na mara nyingi nyie ndio mnatuletea. Nawapongeza mbele ya wazee, maana watu wanawasema kwa mabaya tu. Nawaomba jambo moja: mbwa aliyevunjika mguu atakung'ata hata kama ni wako, kwa maumivu. Usimwinulie kichwa umbembeleze. Mfunike na koti au kitenge, mfunge mdomo kwa kipande cha nguo kama anahema vizuri, msukumie juu ya ubao au kiroba kilichokunjwa, mbebeni watu wawili. Boda haitoshi, tafuteni bajaji, tutalipa nauli mkifika.

Niingie kwenye kichaa cha mbwa. Nitakaa hapo kidogo.

Duniani ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote, asilimia 99, wameupata kwa mbwa. Katika kila kumi wanaoumwa na mbwa wanaoshukiwa, wanne ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa mtu, kuhofia maji, kuweweseka, kukakamaa, hakuna daktari Mount Meru wala KCMC wala Muhimbili atakayekuahidi kitu. Lakini kabla dalili hazijaanza, kinga ipo na inafanya kazi. Sijui ugonjwa mwingine ambao mlango wake unafungika hivyo.

Kwa hiyo mtoto akiumwa, hata mkwaruzo wa jino, unafanya hivi. Unaosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15. Siyo kumwagia kikombe. Dakika 15, uchoke. Halafu hospitali siku hiyohiyo, na umalize awamu zote za chanjo hata kama kidonda kimekauka. Msipake pilipili, wala mafuta ya taa, wala msipitie kwa mganga kwanza. Na yule mbwa, kama yuko hai na mnaweza kumfungia salama, afungiwe aangaliwe siku kumi. Akiwa mzima baada ya hapo, hakuwa na virusi mateni siku aliyouma. Kama ameshakufa, mwiteni afisa mifugo, msimguse kwa mikono mitupu. Na msimponde kichwa! Kipimo kinafanywa kwenye ubongo. Mkiuponda, maabara haina cha kupima, na familia ya mtoto inabaki na wasiwasi usio na jibu.

Wazee mnakumbuka zamani mbwa wakizidi tulifanya nini. Risasi, au nyama yenye sumu jalalani. Nimewahi kuulizwa kwa nini tusirudie, ni rahisi. Si rahisi. Ukiua mbwa wa mtaa mmoja, jalala bado lipo, mifupa ya bucha bado ipo, na ndani ya miezi michache wamehamia wengine kutoka mtaa wa pili, hao hujui wamechanjwa au la. Mbaya zaidi, anayekuja kula nyama ya sumu mara nyingi ni yule mpole, aliyezoea watu, aliyechanjwa mwaka jana. Umeua kinga yako mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linasema ukichanja mbwa 70 katika kila 100, na ukarudia mara kwa mara, ugonjwa unakosa pa kupita. Saba kati ya kumi. Na tunarudia kwa sababu mbwa wetu hawaishi miaka mingi, wanazaliwa wapya wasio na chanjo. Zipo nchi zimeufuta kwa njia hiyo. Lengo la dunia ni kwamba ifikapo 2030 asife mtu tena kwa kichaa cha mbwa wa nyumbani. Miaka si mingi.

Sheria nayo ipo, ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumtesa mnyama ni kosa. Sitawatishia nayo leo.

Mzee mmoja alinisimamisha nje nilipokuwa naingia, akaniambia, "Mwanangu, watu wanalala njaa, wewe unalisha mbwa?" Alisema kwa upole, na sitaki nimjibu kwa ujanja. Mtoto ni mtoto na mbwa ni mbwa. Nikiwa na sahani moja, anakula mtoto. Lakini wanachokula mbwa wa kituo ni sembe yenye dagaa wa chini ya gunia, ukoko wa wali kutoka kwa mama ntilie, utumbo na mapafu ambayo buchani hayakununuliwa. Hakuna sahani ya mtoto humo. Na mzee wangu, mtoto wa jirani akiumwa na mbwa asiyechanjwa, nauli ya kwenda na kurudi hospitali mara kadhaa, siku za kazi zinazopotea, dawa, hizo zinatoka kwenye sahani hiyohiyo unayoizungumzia. Chanjo ya mbwa ni bei ndogo mno kuliko hiyo.

Tuje kwenye uzazi. Hapa najua akina baba mtabana miguu. (Kicheko.)

Mbwa jike anaingia kwenye joto kama mara mbili kwa mwaka, mimba yake ni siku 63 hivi, anazaa watano, sita, wakati mwingine nane. Paka ndiye kiboko: anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, yeye mwenyewe bado kitoto, na anaweza kushika nyingine huku ananyonyesha. Kisha mnaniuliza kwa nini kuna viroba vyenye vitoto vya paka kwenye mtaro wa mto Themi. Viroba hivyo havishuki kutoka mbinguni. Mtu alikuwa na paka mmoja mzuri wa panya, hakumfunga kizazi.

Kwa hiyo hakuna mnyama anayetoka kituoni kwenda kwa mtu akiwa bado anaweza kuzaa, isipokuwa ni mdogo mno, na huyo tunaandikiana tarehe ya kumrudisha. Upasuaji wenyewe ni wa kawaida. Anakuja bila chakula tumboni, anapigwa nusu kaputi, jike anatolewa kizazi, dume anatolewa korodani, baada ya siku kumi hadi kumi na nne nyuzi zinatolewa. Tunamkata alama ndogo sikioni akiwa bado amelala, ili mwingine asimkamate tena kumpasua bure. Ukiona paka mtaani ncha ya sikio haipo, hakujeruhiwa, huyo tayari.

"Lakini dada, mbwa dume ukimhasi hatakuwa mkali." Nimeambiwa hivyo na mabaraza mazima ya wanaume. Mbwa analinda kwa sababu hapa ni kwake, na nyie ni watu wake. Hicho hakikatwi na wembe. Kinachopungua ni kuruka ukuta usiku kufuata jike mtaa wa tatu, kupigana na kurudi na sikio nusu, na kukojolea tairi la kila gari. Yaani anabaki nyumbani. Mlinzi asiye lindoni ni mlinzi gani?

Na ukali wa kutengeneza siukubali. Wapo wanaomlisha mbwa pilipili, wanaomfunga mnyororo mfupi juani tangu asubuhi hadi usiku ili awe na hasira. Unachopata ni mbwa mwoga anayemuuma mtoto wako mwenyewe anayepeleka sahani, wakati mwizi aliyekuja na kipande cha nyama anapita. Kama huna uzio, tandaza waya mrefu kati ya nguzo mbili, mnyororo upite juu yake kwa pete, mbwa atembee. Fundi wa kuchomelea yeyote anaweza kukutengenezea.

Sasa sehemu ninayoipenda kuliko zote, kumpata mtu.

Mtu akija kutaka mbwa, kwanza anakasirishwa na maswali. Unakaa nyumba yako au ya kupanga? Mwenye nyumba anajua? Nani atakuwa anampa chakula ukisafiri Desemba? Ndiyo, Desemba. Wachaga wangu mnisamehe. (Kicheko kirefu.) Kila mwaka watu wanafunga nyumba Arusha, wanapanda milimani, Kibosho, Machame, Marangu, Rombo, mbwa anabaki na ndoo ya maji na matumaini. Januari ndiyo mwezi wetu mgumu. Sisemi msiende kuhesabiwa nyumbani, nasema mwachieni jirani ufunguo wa geti na kilo kadhaa za sembe.

Baada ya maswali tunakuja nyumbani kwako. Watu wanadhani tunakuja kukagua utajiri. Tumempa mbwa mama anayeuza ndizi, anayeishi chumba na sebule Sombetini, tukamnyima mtu mwenye ghorofa Njiro. Tunachoangalia ni geti linafungika, pana kivuli, pana mahali pakavu masika yakishika, na watu wa nyumba wote wanamtaka. Hili la mwisho ndilo linaloangusha wengi. Baba anataka mbwa, mama anaogopa mbwa, dada wa kazi ndiye atakayemhudumia na hakuulizwa. Mbwa wa namna hiyo anarudi. Kwa hiyo dada wa kazi tunamuuliza yeye mwenyewe, pembeni. Wengine wanacheka, wanasema hakuna aliyewahi kuwauliza kitu hapo nyumbani.

Na kabla ya kumchukua moja kwa moja, unaweza kumlea kwa muda. Kwa kituo, hiki ndicho kitu kikubwa mnachoweza kutupa, kuliko pesa. Vitoto vya mbwa visivyo na mama vinahitaji maziwa kila baada ya saa chache, na Juni na Julai hapa baridi inaviua haraka kuliko njaa. Kituoni usiku tuko wachache. Lakini mstaafu aliye nyumbani, mama mwenye mtoto mchanga ambaye halali hata hivyo, boksi, blanketi la mtumba, chupa ya maji ya moto iliyovingirishwa taulo, vinapona. Wiki ya nane vikishaacha kunyonya na kuanza chanjo tunavitafutia nyumba. Tatizo la walezi wa muda ni kwamba wanapokuja kuvirudisha wanalia, kisha wanaondoka na kimoja. Tatizo hilo ninaliombea liendelee.

Kuna suala la mbwa wa kizungu. Mtu anatoa laki kadhaa kununua kitoto cha German Shepherd barabarani, hana kadi ya chanjo, hamjui mama yake, baada ya mwezi anatuletea mfupa. Wakati huohuo kwenye banda letu kuna mbwa wa kienyeji mwekundu, masikio wima, anasikia mtu akivuka mtaro nyumba ya tano, anakula ugali na dagaa ananenepa, na nywele zake fupi hazitaki saluni. Ukitafuta mlinzi, mimi sioni sababu ya kwenda mbali. Hao mliokwisha nunua, mpendeni mliyenaye, lakini msimwachie azae ili muuze. Na wote, wa kizungu na wa kienyeji: mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka vipande vyenye ncha, msiwape. Na vitunguu vingi si vizuri kwao, kwa hiyo sufuria la pilau la sikukuu lisiishie kwenye sahani ya mbwa.

Majina mtachagua wenyewe. Naona bado kuna watu wanaomwita mbwa Sijali, Mtajiju au Wivu, ili jirani apate ujumbe. Tunapokea yote, ila kwenye kadi ya chanjo daktari anaandika bila kucheka.

Paka nawapa maneno machache na si haki yao. Paka mweusi haendi kwa mtu. Anakaa kituoni kuliko wote kwa sababu ya maneno ya uchawi, na kuna wanaochomwa moto kwa ajili hiyo, katika mji huu, na watu waliokwenda shule. Sina la kusema zaidi kuhusu hilo, linanikasirisha. Lakini mwenye stoo ya mahindi aje: paka wawili waliofungwa kizazi, kwa mkupuo, bila kujali rangi. Sharti ni kuacha sumu ya panya. Paka akila panya aliyekula sumu, naye anaondoka.

Ndugu zangu Waislamu wameniuliza mara nyingi, kwa heshima, kuhusu najisi. Sitafundisha dini mbele ya sheikh. Ninachojua kwa vitendo ni kwamba mbwa wa ulinzi halazimiki kuingia ndani wala kugusa vyombo vya watu. Ana banda lake nje na sahani yake. Kuna familia za Kiislamu zenye mbwa kutoka kwetu na tunaelewana vizuri. Wengine huchagua paka. Na kile kisa cha mtu aliyechota maji kisimani kwa kiatu akamnywesha mbwa mwenye kiu, sheikh anakijua kuliko mimi.

Wageni wetu wanaofanya kazi kwenye mashirika hapa mjini nao nina neno nao, na kama humu kuna anayewafanyia kazi amfikishie. Mkataba ukiisha, mbwa anaachwa kwa mlinzi wa geti na gunia moja la chakula cha dukani. Gunia likiisha, mlinzi ana mshahara gani wa kumlisha mbwa wa kilo 35 aliyezoea kulala kwenye kochi? Tupigieni miezi mitatu kabla, siyo mkiwa njiani kwenda uwanja wa ndege wa KIA.

Mnaouliza mtuchangie nini: magazeti ya zamani, mashuka na mablanketi yaliyochanika, ndoo, masufuria yaliyotoboka pembeni, mbao za kreti. Mwenye hoteli atutengee mabaki kwenye ndoo safi, bila vijiti vya mishikaki na bila nailoni, tutakuja kuchukua kila jioni. Fundi seremala atupe siku moja ya kutengeneza mabanda. Chuo cha mifugo kiko hapo Tengeru, na wanafunzi wanahitaji mikono yao izoee. Walimu wao tuzungumze. Walimu wa shule za msingi, tupeni kipindi kimoja kwa muhula. Tunamfundisha mtoto kwamba mbwa asiyemjua akimjia asikimbie, asipige kelele, asimame wima mikono mwilini, asimtazame machoni, amwache anuse aondoke. Kipindi hicho hakina gharama hata ya chaki.

Na pesa? Tunapokea, kitabu cha mapato kiko ofisini, yeyote aje akisome.

Ambacho hatupokei ni mnyama aliyefungwa getini kwetu usiku wa manane. Anayefanya hivyo nadhani anaona aibu, na namwambia aibu aiache. Njoo mchana, tuambie umehamishwa, umefiwa, au umeshindwa tu. Hatutakutangaza. Tukijua kwamba mbwa huyu anaogopa wanaume, au amezoea watoto, au ameshaugua parvo, tunampatia nyumba mapema. Aliyefungwa kwenye geti na kamba ya katani hawezi kutuambia chochote. Na kabla hujaja, piga kwanza, maana nusu ya matatizo yanaishia kwenye simu: anachimba bustani, anabweka usiku, anakula viatu. Hayo yana dawa, na dawa yake si kumhamisha.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Tangazo, kisha maswali.

Jumamosi hii tunachanja kichaa cha mbwa uwanja wa shule ya msingi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, bure, tukishirikiana na afisa mifugo wa kata. Mbwa aje na kamba shingoni, na aletwe na mtu mzima anayeweza kumshika. Msimtume mtoto wa darasa la pili na mbwa wa kilo 30. Paka waje kwenye tenga la kuku au kiroba chenye hewa, mdomo wa kiroba umefungwa, maana paka akiona mbwa hamsini uwanjani hamtampata tena. Watoto wa mbwa nao waje, wadogo hatuwarudishi. Wanaotaka kufunga kizazi tutawaandika majina palepale. Na kama una mbwa anayeuma hata wewe mwenyewe, usimburute hadi shuleni. Niachie namba ya nyumba leo, tutakufuata Jumapili baada ya ibada.

Haya, mama mwenye kitenge cha kijani, nimeona mkono muda mrefu.